Kitambaa Chekundu cha Fundi Hesabu

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, na ninyi mafundi mliokuja na ovaroli zenu moja kwa moja kutoka kazini, familia imemtuma mdogo wake marehemu, huyu aliyesimama mbele yenu, awasomee maisha ya kaka yake, mtu ambaye wengi mlimjua kwa jina la Fundi Hesabu, na ambaye angekuwepo hapa angekuwa ameshavihesabu viti mlivyokalia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa pili wa baba seremala na mama muuguzi, katika nyumba ya vyumba viwili mwisho wa barabara ya uwanja wa ndege, upande ule ambao ndege ikipaa, sufuria zinacheza kwenye rafu. Akiwa na miaka sita aliona ndege ndogo ya mabawa ya kitambaa ikitua, akasimama kwenye uzio mdomo wazi mpaka mama akaja kumchukua kwa mkono, na sisi nyumbani tunaamini kwamba kwa kweli hakuwahi kuondoka pale.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1956 hadi 1963, kisha chuo cha ufundi hadi 1967, na walimu walilalamika kila muhula kwamba akili anazo lakini macho yako dirishani, naye mama akawajibu kwamba huko dirishani ndiko anakosomea. Tarehe 2 Januari 1968 aliajiriwa karakana ya ndege kama fundi msaidizi, akapata leseni yake tarehe 30 Juni 1973, akafanya kazi hapo hapo hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2003.

Jumamosi ya tarehe 7 Septemba 1974 alifunga ndoa na mshonaji wa mtaa wa pili, wakajaliwa binti mmoja mwaka 1976 na mapacha wa kiume mwaka 1979, na baadaye wajukuu saba, ambao hakuna safari waliyoianza bila babu kuwahesabu mlangoni mara mbili.

Tulidhani akistaafu atatulia, kumbe ndiyo kwanza anaanza. Tarehe 11 Juni 2004, yeye na wenzake sita, wakiwemo rubani mstaafu na fundi umeme, waliunda kikundi cha kuokoa ndege iliyotelekezwa nyuma ya karakana nyingine kuukuu kwa zaidi ya miaka thelathini, majani yameota sakafuni, ndege wa angani wamejenga kiota ndani ya injini, na alipofuta vumbi ubavuni akaitambua, ni ile ile ya utotoni. Wakaiita Bibi, kwa kuwa iliwazidi wote umri. Mke wake aliiita mke mwenzangu, akanuna mwezi mzima, halafu akachukua sindano yake akashona kitambaa cha mabawa yote mawili kwa mkono, na Jumamosi ya tarehe 18 Agosti 2012, baada ya miaka minane ya jasho, Bibi alinyanyuka. Mdogo wake marehemu alikuwa pale, akamwona kaka yake amekaa juu ya sanduku la spana analia.

Marehemu aliweka sheria moja, akaiandika mwenyewe kwenye ubao wa banda la Bibi, kwamba fundi akifungua chochote anafunga hapo kitambaa chekundu chenye alama yake, anakifungua mwenyewe baada ya kukagua, na asipokuwepo, mwenzake hana ruhusa ya kukigusa mpaka arudie kazi yote kuanzia nati ya kwanza. Spana nazo zilihesabiwa kila jioni. Mwaka 2015, siku ya maonyesho, umati umejaa na rubani ameshakaa, ilikosekana spana namba kumi, akazuia ndege isiruke, watu wakaondoka wakimsema, Bibi akafunguliwa siku tatu nzima, na siku ya nne spana ikapatikana mfukoni mwa koti lake mwenyewe, nyuma ya mlango wa chumbani. Angeweza kunyamaza. Aliandika ubaoni tarehe, namba ya spana, na maneno kosa langu, akakataza yasifutwe.

Moyo ulianza kumsumbua Aprili 2023. Alilazwa tarehe 22 Januari 2024, siku mbili baada ya kufungua bomba la mafuta la Bibi, na usiku wake wa mwisho kitandani aliomba jambo moja tu, kwamba siku ya maziko yake Bibi apite juu yake mara moja. Alifariki Ijumaa ya tarehe 9 Februari 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Mapacha walishawatangazia wengi wenu kwamba leo Bibi atapita. Hatapita. Kwenye lile bomba kuna kitambaa chekundu chenye alama ya marehemu, na kuirudia kazi yake kunataka siku nane, hivyo binti yake, ambaye ndiye fundi mkuu wa kikundi sasa, alikataa katakata huku machozi yanamtoka. Mdogo wake marehemu alimkasirikia, akamwambia maneno ambayo leo anamwomba radhi mbele yenu, kisha akaenda bandani mwenyewe, akausoma ule ubao, akaona kwamba mtoto yule hakumnyima baba yake kitu, bali ndiye aliyemsikiliza kuliko sisi sote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani mliotupikia na kukesha nasi msibani, mafundi wenzake wa karakana, na wanakikundi ambao leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, mlipita bandani kwanza.

Pumzika kwa amani, kaka. Bibi yuko chini, kitambaa chako hakijaguswa, na spana tumezihesabu mara mbili, zote zipo.