Majina Chini ya Picha: Miaka 31 ya Perez Opondo

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupiga picha za habari katika gazeti letu hapa Kisumu, Bi. Perez Opondo anastaafu. Mimi, Cliff Naswa, mhariri wa picha, nimekaa naye chumba kimoja miaka kumi na minane, na bado sijui aliwezaje.

Alianza enzi za filamu. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa moto sokoni Katito. Alipiga picha thelathini na sita, akarudi mjini kifua mbele, kumbe filamu haikushika vizuri ndani ya kamera na haikusogea hata kidogo. Gazeti likatoka bila picha. Tangu siku hiyo akatembea na kijitabu: kila aliyempiga picha alimwuliza jina na kuliandika, ili picha zikiharibika, watu wasipotee. Tulimtania sana. Kwenye mechi moja ya mpira aliandika hata jina la muuza njugu.

Niseme wazi kwamba nusura niuharibu utaratibu huo. Wakati wa mafuriko ya mwaka jana kule Nyakach, Perez alipita majini hadi kiunoni, kamera juu ya kichwa, akatuletea picha ya watu kumi na wanne kwenye ngazi za shule. Siku nne tulikuwa tumechapisha takwimu za mafuriko. Zile sura ndizo zilizonionyesha mafuriko yenyewe. Lakini nafasi ilikuwa finyu, nikataka kuandika "wakazi" basi. Akaja mezani kwangu, nguo bado zina tope.

"Bwana Cliff, ukitoa majina, toa na picha yangu."

Nikayaacha yote kumi na manne, pamoja na jina la shule.

Kesho yake Mzee Okello wa Awasi aliingia ofisini na gazeti mkononi. Siku tatu alikuwa akimtafuta binti yake, hadi chumba cha maiti alishafika. Pichani, kwa lile tope na shuka aliyojifunika, hakumtambua. Alimtambua kwa maandishi: Jacinta Okello, wa tatu kutoka kushoto. Alikuwa njiani kumchukua, ila alitaka kwanza kumwona aliyeliandika jina lile. Alimshika Perez mkono muda mrefu. Mimi nilikwenda kusimama dirishani, maana niliona aibu.

Nilipopekua maktaba yetu kutafuta picha ya Perez kwa ajili ya kijarida hiki, sikupata hata moja. Kwa hiyo jana tulimnyang'anya kamera, tukamsimamisha kati yetu, naye akalalamika kwamba mwanga ni mbaya.

Asante, Perez. Ukae salama kwako Nyamasaria, uamke saa upendayo, na magoti yako yayasahau yale maji. Picha ya jana iko ukurasa wa mwisho, na majina yote yapo. Perez Opondo, wa tatu kutoka kushoto.