Wilibrodi Tluway, Karani Aliyeuliza Majina Yanakwenda Wapi

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu Wilibrodi Tluway alizaliwa Buger tarehe 11 Juni 1929, mtoto wa tatu wa mzee Yohani na mama Marsela. Alisoma shule ya misheni huko Mbulu hadi darasa la nane, akajifunza na kupiga taipu. Mwaka 1951 aliajiriwa karani wa serikali Loliondo.

Tarehe 8 Agosti 1954 alifunga ndoa na Antonia. Mama huyu husema alimkubali kwa sababu ya barua yake ya posa: haikuwa na kosa hata moja, na marehemu aliileta mwenyewe kwa miguu, akasimama mlangoni kungoja jibu.

Mei 1959 mkuu wake alimpa barua ya siri aipige taipu, iende kwa polisi wa ng'ambo ya mpaka. Ilimtaja Metui, mchuuzi wa ng'ombe, na siku atakayovuka. Metui alikamatwa huko. Metui aliporudi baada ya miezi saba, marehemu alimkuta mnadani akinyweshwa uji na mkewe. Vidole vyake vilikuwa vimevunjwa alipokuwa akihojiwa.

Machi 1960 ikaja orodha ya watu sita, nayo ya kupelekwa kwa polisi wale wale. Marehemu alichomoa karatasi kwenye mashine, akasema hataendelea mpaka ipatikane ahadi ya maandishi kwamba hawatateswa. Mkuu alimjibu kwamba ya ng'ambo hayaihusu ofisi ile.

"Kama hayatuhusu, bwana, mbona majina yanatoka kwetu?"

Alifukuzwa siku hiyohiyo. Kabla ya kuhama alipita boma kwa boma akiwaonya wale sita. Hakuna aliyevuka.

Alirudi kulima Buger. Baada ya uhuru aliiandikia serikali mara tisa akitaka ukweli usemwe. Oktoba 1964 kikao cha kusikiliza jambo hilo kiliitishwa Karatu. Alijua huenda akashtakiwa kwa kutoa siri. Antonia alimfungashia blanketi, endapo angewekwa mahabusu. Kikaoni marehemu alisimama mbele ya Metui.

"Sahihi ni ya mkuu wangu, lakini jina lako nililiandika mimi."

"Wewe umekuja," akasema Metui. "Wengine wako wapi?"

Mwaka uliofuata Metui alipata barua ya serikali ikikiri kosa. Waliotia sahihi hawakuhojiwa kamwe, na jambo hilo lilimuuma marehemu hadi mwisho.

Aliugua kifua tangu 1967, akafariki tarehe 19 Februari 1968, saa nne asubuhi, Antonia akiwa kando yake.

Ameacha mjane, watoto wanne na dada mmoja. Metui, aliyesafiri siku mbili kutoka Loliondo, ameomba ahesabiwe miongoni mwa ndugu. Familia imekubali.

Mungu ampe Wilibrodi pumziko la amani.