Vyumba Arobaini vya Mwalimu Boaz

Leo, Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, Mwalimu Boaz Wepukhulu atafunga mlango wa stoo ya vyombo hapa mtaani Gatina na kukabidhi ufunguo, baada ya kukitumikia Kituo cha Muziki cha Sauti Moja kwa miaka ishirini na minane, miezi minane na siku ishirini na tano. Siku hizo ishirini na tano nimezihesabu mimi, Trizah Shivachi, mwalimu wa kinanda, kwa sababu Mwalimu Boaz hapendi mambo ya kukadiria. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake nikaonywa nisizidishe kurasa mbili. Tutaona.

Nianze na jambo ambalo kila anayeingia ukumbini hulikuta. Kwenye ukuta wa nyuma kuna Ubao wa Heshima, na juu yake yameandikwa masharti ya hayati Mzee Muigai, mwenyekiti wetu wa kwanza: miaka ishirini ya utumishi au zaidi, bila barua ya onyo. Majina ni manne. La Mwalimu Boaz, aliyetupita sote kwa miaka, halikuruhusiwa kuandikwa, maana faili yake ilikuwa na barua moja. Ubao wenyewe aliupiga randa yeye. Wasifu huu ni wa utumishi wake wote, lakini sitaficha kwamba nimeuandika hasa kwa ajili ya barua hiyo.

Alifika hapa Machi 1997 kutoka kwao Chwele, si kama mwanamuziki bali kama fundi wa mbao. Ukumbi ulikuwa wa mabati matupu, majirani walikuwa wamechoka na ngoma zetu, na Mzee Muigai, aliyekuwa mwenye ploti, alitaka kelele zibaki ndani. Boaz akapigilia trei za mayai ukutani kutoka chini hadi juu, akaziba madirisha yote mawili kwa magodoro makuukuu. Kazi ya wiki moja ilimchukua tatu, kwa kuwa kila saa ya chakula alikuwa akilishika gitaa la besi lililoegemezwa kwenye kona. Siku moja Mzee Muigai alisimama mlangoni akasikiliza, kisha akamwambia aweke nyundo chini, kazi yake sasa ni kufundisha besi. Madirisha yale hayajafunguliwa hadi leo, na ukizima taa humo ndani saa sita mchana huoni kiganja chako.

Giza hilo ndilo lililozaa sheria ambayo kila mwanafunzi wa Sauti Moja huifundishwa kabla hajagusa chombo. Stima ilipotea mwaka 1999 katikati ya mazoezi, mpiga ngoma mmoja akaukimbilia mlango, akaangusha spika mbili na kupoteza jino. Tangu siku ile, taa zikizimika, sauti ya Mwalimu Boaz husikika kabla hata hujashtuka: "Kila mtu akae pale pale!" Nasi hukaa. Nimewahi kukaa dakika ishirini mkono mmoja ukiwa hewani.

Mwaka 2009 kituo kilipata pedali ya besi, ile yenye milio mingi ndani ya boksi moja. Ni chuma cheusi kisichozidi tofali la kujengea, chenye swichi mbili za kukanyaga, vifundo vitano vya kuzungusha, kioo kidogo cha kuonyesha namba, na upande wa kulia kikanyagio kinachopanda na kushuka ukikiegemea kwa vidole au kisigino. Sisi wengine tuliijaribu mara moja, ikapiga yowe, tukaiacha. Mwalimu Boaz aliketi nayo wiki nne akiwa na kijitabu chake cha maelezo, akazungusha kifundo kimoja baada ya kingine, akisikiliza kilichobadilika kabla ya kugusa kingine. Kijitabu kilipobanduka jalada, alikuwa amemaliza.

"Iko na vyumba arobaini," alikuwa akiwaambia wanafunzi, "na kila chumba kiko na mpangaji wake." Mtu aliyekulia kwenye ploti za vyumba vya kupanga za Gatina, au Lindi kule Kibera, huelewa somo hilo papo hapo: chumba ni nafasi ya kuhifadhi sauti, mpangaji ni sauti yenyewe. Chumba cha tatu aliishi besi nene ya nyimbo za ibada, sauti aliyoibana kidogo ili noti nzito isiifunike noti nyepesi. Cha kumi na moja kilikuwa na mlio wa kukwaruza, kwa vijana wanaopenda fujo, na humo kikanyagio aliki­panga kiufungue na kuufunga mlio kama mdomo wa mtu. Cha ishirini na mbili kiliongeza sauti ya chini kabisa chini ya ile unayopiga, na mabati yalikuwa yakijibu. Kuna kijana wa Lindi aliyeisikia mara ya kwanza akashika kifua: "Buda, hiyo besi imeingia kwa mbavu!" Swichi ya kushoto hukurudisha chumba kimoja nyuma, ya kulia hukupeleka mbele. Ukizikanyaga zote mbili kwa pamoja, sauti hukatika na kioo hukuonyesha kama nyuzi ziko sawa. Hili la swichi mbili mlikumbuke, nitalirudia.

Hakuandika popote mpangaji gani yuko chumba gani. Nilipomuuliza sababu, aligusa sikio lake akaendelea kunywa chai, chai yenye sukari ambayo daktari ameshaikataza mara tatu. Pia hapigi besi akiwa na kiatu cha kulia. Hukivua, akakiweka kando ya amplifaya, akakanyaga swichi kwa soksi ili mguu usikie. Soksi hiyo huwa na tundu kwenye kidole gumba kila mara, na sisi walimu tumeshindwa kujua kama ni tundu moja linalohamahama au ni mengi. Ndiyo maana zawadi ya leo kutoka kwa idara ya kinanda ni soksi jozi kumi na mbili. Zote ni za rangi moja, zikitoboka abadilishe bila kufikiri.

Sasa nirudi kwenye barua. Jumamosi, tarehe 16 Agosti 2014, saa nane mchana, tulikuwa tukitarajia wageni waliokuja kuamua kama watatusaidia kufungua ukumbi wa pili kule Lindi. Bendi ilikuwa na nyimbo saba. Mimi nilikuwa na miezi mitatu kazini, bado niko kwenye majaribio, na masharti ya majaribio yalikuwa wazi: ukiharibu chombo, unaondoka. Nilikuwa nimetoka Kakamega na sanduku moja, na sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Saa sita na nusu Mwalimu Boaz alichukua waya mrefu, akatembea na gitaa lake hadi nyuma ya ukumbi, ili asikie besi inavyowafikia watu wa viti vya mwisho. Aliniomba nisimame penye pedali nimbadilishie vyumba akinionyesha kwa vidole. Akanyoosha vidole viwili, yaani anataka kukagua nyuzi. Nikazikanyaga swichi zote mbili kwa kiatu changu kimoja cha kanisani, chenye soli pana. Hapo hapo stima ikapotea. Kutoka gizani nikasikia, "Kila mtu akae pale pale!"

Nikakaa. Dakika tano nzima mguu wangu ulikuwa juu ya zile swichi mbili, nami nikijiona mwalimu mtiifu kuliko wote. Stima iliporudi, taa za pedali zilikimbizana, kisha kioo kikaonyesha namba moja. Kumbe ukurasa wa mwisho wa kile kijitabu unasema hivi: ukiiwasha pedali huku umekanyaga swichi zote mbili, hufuta kila ulichokipanga na kurudi ilivyotoka kiwandani. Mimi sikuwa nimekisoma, yeye alikuwa amekisoma. Alikuja akapiga noti moja, akapanda chumba, akapiga nyingine. Wapangaji wote arobaini walikuwa wamefukuzwa.

Hakupandisha sauti. Alivua kiatu cha kulia, halafu, kwa mara ya kwanza na ya mwisho mbele yangu, akavua na cha kushoto, akaketi sakafuni na kuanza kuzungusha vifundo. Kwa saa moja na robo alirudisha sauti za nyimbo sita. Ya saba hakuifikia. Wageni walisikiliza wakitikisa vichwa hadi wimbo wa mwisho, alipoingia chumba cha ishirini na mbili, pakatoka ngurumo kama ya kinu cha posho kilichomeza mchanga. Mama mmoja mgeni aliziba masikio. Waliondoka wakisema watatujulisha, na jibu lao likachukua mwaka na nusu.

Mzee Muigai alituita sote mbele. "Nani amegusa hii mashine?" Nilifungua mdomo, naapa nilifungua, lakini Mwalimu Boaz alikuwa ameshasimama. "Ni mguu yangu, Chairman," akasema. Baadaye alinikuta nje kwenye ngazi nikilia, akanipa kikombe chake cha chai. "Ungetoa mguu ungekuwa umevunja sheria yangu. Sasa nyamaza, Trizah, tafadhali." Nikanyamaza. Jumatatu sheria iliongezwa maneno, na wanafunzi huyaimba hadi leo bila kujua yalikotoka: stima ikipotea, kaa pale pale, lakini mguu sakafuni.

Yaliyofuata mnayajua. Ukumbi wa Lindi ulifunguliwa mwaka 2016, na kwa miaka tisa Mwalimu Boaz amekuwa akifundisha huko Jumatatu na Jumatano, pedali ikiwa imefungwa kwenye taulo ndani ya mkoba wake wa useremala. Wanafunzi wake kumi na tisa wanapiga besi makanisani, kwenye hoteli na kwenye bendi za harusi. Ukisimama nje ya ibada yoyote kati ya hapa na Kibera ukasikia besi isiyokimbilia mbele ya ngoma, uliza aliyemfundisha yule mpigaji. Sifa moja tu sitampa, nayo ni ya kuimba. Wale waliomsikia akiongoza pambio mwaka 2019 watakuwa mashahidi wangu.

Anayemrithi ni Mercyline Kavoi, mwanafunzi wake wa Lindi. Mwezi uliopita Mwalimu alimwita ukumbini, akakanyaga swichi zote mbili, akachomoa waya wa umeme na kuuchomeka tena. Safari hii alifuta vyumba vyote arobaini kwa hiari yake. Mercyline alipiga kelele, "Mwalimu, umefanya nini sasa?" Akamjibu kwamba mpangaji anayehama hufagia kabla ya kurudisha ufunguo, na kwamba Mercyline hatarithi vitu vya mtu. Tangu hapo Mercyline amepanga vyumba thelathini na moja kwa sikio lake mwenyewe. Nimevisikia. Cha tatu ni tofauti na kile cha Mwalimu, naye alipokisikia aliomba apigiwe tena.

Wiki mbili zilizopita meneja wetu, Becky Wakarima, alinipa faili ya Mwalimu ili nipate tarehe za wasifu huu. Ndani yake nikakuta barua ya tarehe 19 Agosti 2014, ya onyo, kwa "uzembe wa kukanyaga swichi na kupoteza mali ya kituo". Chini kuna sahihi yake, iliyonyooka kama ubao alioupiga randa. Sikuwahi kujua kwamba iliandikwa barua. Nilidhani alikaripiwa mambo yakaisha. Mwaka 2017, alipotimiza miaka ishirini, jina lililoandikwa ubaoni lilikuwa la mtu mwingine, nami nilikaa karibu naye tukapiga makofi pamoja. Nilipokumbuka makofi hayo, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Nilimpelekea Becky maelezo yangu kwa maandishi. Aliyasoma mara mbili, akaniuliza kama najua yatanigharimu nini. Kamati ilikaa Jumatano. Barua imeondolewa kwenye faili ya Boaz Wepukhulu na kuwekwa kwenye faili ya Trizah Shivachi, ikiwa na tarehe yake ile ile. Mimi nimebakiza miaka kumi kustaafu, na kwa masharti ya Mzee Muigai jina langu halitafika ubaoni. Ni haki. Jana tulimtuma Mwalimu Lindi akatengeneze spika isiyo na ubovu wowote, fundi wa rangi akapata nafasi ya kufanya kazi yake ubaoni, na leso mnayoiona ukutani ndiyo inayoificha.

Mwalimu, najua unasoma haya ukiwa umeketi safu ya mbele, na najua umekasirika. Uliniambia ninyamaze, nami nimenyamaza miaka kumi na mmoja. Nisamehe kwa kuukomesha ukimya huo leo. Asante kwa chai ile, asante kwa kazi uliyoniachia siku ambayo ningefukuzwa, asante kwa kila noti uliyotuwekea chini ili sisi wa juu tusianguke.

Inuka sasa ukaitoe ile leso. Kisha nenda Chwele salama, ukapumzike, ukanywe chai isiyo na sukari nyingi, na maisha yako huko yawe mema na marefu. Na yeyote akikuuliza barua ile ilihusu nini, usimfiche: mguu ulikuwa wa Trizah.