Barua Iliyoniita Mtu wa Kuja

Bismillahi. Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni kama zamani, na wewe Abu weka hiyo simu mfukoni, basi haliondoki mpaka kesho asubuhi. Swafia, futa machozi. Sijaitwa na Mungu bado, nimeitwa na dada yangu. Lakini mtu wa miaka sabini na minne, mwenye kifua kama changu, haanzi safari ya siku mbili kabla ya kuacha wosia nyumbani kwake, na leo nina furaha ambayo sijaionja tangu nilipomwoa marehemu mama yenu Zainabu, kwa hiyo nisikilizeni ningali nacheka.

Hati ndiyo hii. Ipokezaneni kwa mikono safi. Imeandikwa kwamba mimi Husseini, mshonaji wa Matungu, mzaliwa wa Bujumbura, naruhusiwa kusafiri na kurudi. Miezi kumi na minne makaratasi yangu yamekuwa yakikaguliwa mjini Kakamega, mkawa mnanipeleka na kunirudisha, na hakuna hata mmoja wenu aliyejua kilichoyakwamisha.

Mwaka wa sabini na mbili nilifika hapa nikiwa kijana, nimekimbia mauaji ya kwetu, na dada yangu Sumayya nilimwacha ana miaka sita, ameshika kanga ya mama. Mzee Umar alinipokea, akanipa chumba na cherehani, kisha akatangaza msikitini kuwa mimi ni mtu wa ukoo wake, na atakayetaka kujua nilikotoka aanze kwa kumuuliza yeye. Watu wakanyamaza kwa heshima, na nyinyi mmezaliwa ndani ya heshima hiyo. Karatasi niliyopewa mpakani ililiwa na mchwa, nami sikujali, maana nilidhani kwetu hakubaki mtu. Mpaka mwaka juzi, Swafia, ulipoipata ile sauti kwenye simu, mwanamke anamuulizia kaka yake aliyekuwa akimbeba mgongoni kwenda kuteka maji.

Basi nikaomba hati wanayopewa wageni. Bi Naliaka, binti anayekagua maombi, akaja hapa kijijini kuwahoji majirani watano wanaonijua. Hapo ndipo nilipofanya ujinga, wanangu, kwa sababu sikuwaeleza majirani anachotafuta. Waliposikia serikali inachunguza asili ya Husseini, walidhani nitafukuzwa, na wote watano wakaapa nimezaliwa Matungu. Zilpah, mke wa Erastus, mama wa kanisa asiyedanganya hata umri wake, akamshika binti wa watu mkono mpaka nyuma ya jiko langu, akamwonyesha mgomba kilipozikwa kitovu changu. Mgomba wenyewe niliupanda mimi, mwaka aliozaliwa Abu!

Maombi yakarudi. Aliyezaliwa hapa hapewi hati ya wageni. Wako walionishauri niufuate uongo huo huo, niombe kitambulisho cha raia nimalize kazi. Nikawauliza, nikizaliwa hapa, Sumayya atakuwa dada wa nani? Usiku nilikuwa nikiisikia ile sauti ya simu, nikaogopa kwamba nitakufa nimependwa na majirani na sijamwona.

Bi Naliaka akaniuliza kama nina karatasi yoyote ya zamani inayotaja nilikotoka. Ninayo moja tu, na ndiyo aibu niliyowaficha. Mnalikumbuka lile kopo la vifungo ambalo niliwachapa mlipolifungua? Chini ya vifungo kulikuwa na barua ambayo Erastus alimwandikia chifu mwaka wa themanini na nne, tulipogombania mpaka wa miwa. Aliandika kwamba huyu si wa hapa, ni mtu wa kuja, alitoka Burundi mwezi wa sita mwaka wa sabini na mbili na begi moja, akapokewa na Umar. Chifu aligonga muhuri akanipa nakala nijibu. Sikujibu. Niliisoma kila nilipotaka kukasirika, na kwa miaka arobaini mimi na Erastus tumesalimiana kupitia kwa wake zetu.

Bi Naliaka aliisoma akaweka kalamu chini, akasema inatosha, ila mwandishi aje aikubali kwa kinywa chake. Na mwandishi alikuwa mmoja wa wale watano, tena ndiye aliyeapa kwa sauti kuliko wote.

Nikaufuata ua wa mpaka hadi kwake. Nilimkuta anakula obusuma, ugali wake wa jioni, na alipoiona barua mkononi mwangu tonge lake lilibaki hewani. Alisema aliijutia kabla wino haujakauka, na kwamba aliapa nimezaliwa hapa ili aifute. Nikamwomba aende akaseme tena yale yale.

"Hilo neno nilikuita mara moja tu na limenikaa kooni mpaka leo," akaniambia. "Mara ya pili siwezi, Husseini."

"Niite, ndugu yangu," nikamwambia. "Niite kwa nguvu, Sumayya asikie."

Tulilia wawili wazee wazima. Zilpah akaleta ingokho, kuku wake mnono, na kisu, nichinje mwenyewe ili nami nile. Kesho yake Erastus alivaa koti la kanisani, akasimama mbele ya Bi Naliaka, akasema kwa nguvu huyu ni mtu wa kuja, hata watu wa barabarani wakageuka.

Swafia, cherehani ni yako. Abu, shamba ni lako, ila ule ua wa mpaka ukate njia, wapite watu wawili sambamba. Barua imebaki kwa serikali, kwa hiyo kopo sasa ni la vifungo tu, wajukuu walichezee. Na mkiona nimemkosea mtu, mniombee radhi kwake, msingoje nirudi.

Nipe maji, Swafia... Ahsante. Nikifia huko, nizikwe huko siku hiyo hiyo, msihangaike kunisafirisha. Nikirudi nikafia hapa, nizikeni pale kwenye mgomba wa Zilpah. Kitovu changu hakiko pale, lakini mimi nitakuwepo, na yule mama hatakuwa amedanganya sana.

Mungu awape usingizi usio na kinyongo... awape majirani wa kuwasemea uongo, na mmoja wa kuwasemea kweli. Pumzi imekuwa fupi, wanangu, si ya kuogopa, ni furaha imenijaa kifuani. Nani anapiga hodi? Ni Erastus... alisema atanisindikiza mpaka Busia, na amekuja kulala hapa tusichelewe. Mfungulieni. Mwambieni mtu wa kuja... yuko tayari.