Fundi Ansbert na Pampu Iliyosemwa Imekufa

Baba paroko, wazee wetu, majirani wa Kimara Temboni, na nyie mafundi mliofunga gereji zenu leo kwa ajili ya mwenzenu, mimi ni Jovina, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na nitajitahidi nifike mwisho bila kusimama.

Ndugu yetu Ansbert Kamugisha alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, Kamachumu, wilayani Muleba, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu mzee Erasmus na mama yetu Adelina, ambaye yupo hapa mbele, shikamoo mama. Alisoma shule ya msingi pale kijijini kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, na anakumbukwa kwa kuifungua saa ya mwalimu mkuu iliyokuwa imesimama, akairudisha inatembea, na viboko akala vilevile.

Mwaka 1991 alikuja Dar es Salaam kwa mjomba wetu, Temeke, akasomea umakanika Chang'ombe hadi 1993, kisha akaajiriwa kwenye yadi ya malori hapo hapo Temeke, alikodumu miaka kumi na tano, mpaka tarehe 3 Agosti 2009 alipofungua gereji yake hapa Temboni. Tarehe 25 Novemba 2000 alifunga ndoa na wifi yangu Sesilia, Mungu akawajalia watoto wawili, Vaileth aliyezaliwa 2002 na Gervas aliyezaliwa 2006.

Magari ya umeme yalipoanza kuonekana mitaani kwetu, mafundi wengi waliyakwepa, lakini kaka mwaka 2021 alikwenda kusoma kozi fupi, akarudi kutuchosha mezani kwa habari za betri, kwamba betri hiyo ikipata joto gari linajipunguzia nguvu au linakataa kuchaji, kwamba kinachoipoza ni kulanti, yale maji maalumu ya kupoozea, yanayozungushwa na pampu ya umeme ndogo kama kikombe, na kwamba hakuna kifaa kinachosingiziwa kama pampu hiyo. Alikuwa na maswali yake matatu, umeme unafika, pampu inazunguka, maji yanatembea, na kabla hayajajibiwa yote matatu hakuna aliyeruhusiwa kusema pampu imekufa, ukilitamka neno hilo mapema alikuuliza, "Umeiona maiti?" Samahanini wafiwa wenzangu, ndivyo alivyokuwa akisema.

Sasa nafika mahali ambapo mimi binafsi sikutaka kupasoma. Nilimwambia, kaka, jambo hili tulizike na wewe, akanijibu, "Jovina, mie nilimsema mbele za watu, leo nikamsafishie chumbani?"

Mwezi Mei 2023 mwalimu Mwanabaraka, jirani yetu, alileta gari lake la umeme lenye mpira wa kulanti uliopasuka, kaka akaubadilisha kwa mkono wake, akajaza kulanti, akatoka haraka kufuata vipuri Kariakoo, na aliporudi alimkuta fundi mwenzake, Mudathir, waliyefanya naye kazi miaka kumi na mmoja, amesimama kando ya boneti iliyo wazi, mikono imelowa, birika la maji mkononi. Tarehe 17 Mei gari likarudi, betri ina joto, pampu inapiga kelele, na kaka, ambaye siku zote alikuwa wa maswali matatu, siku ile aliishia la pili, akakumbuka birika, akatangaza mbele ya mwalimu na mafundi wote kwamba Mudathir ametia maji ya bomba kwenye mfumo wa betri, kama watu wanavyotia kwenye rejeta, na ameiua pampu. Mudathir akaapa, "Fundi, mie nilikuwa natia udhu, adhuhuri ilikuwa imeingia." Hakusikilizwa. Kaka akamwaga kulanti yote, akafunga pampu mpya, akajaza upya na safari hii akatoa vizuri hewa, ambayo ikinaswa mpirani huzuia maji kutembea, gari likapona, akaona ndiyo ushahidi, na ile pampu ya zamani akaiweka rafuni na karatasi yenye jina la Mudathir. Mwenzake akakusanya spana zake akahamia Pugu, na wateja wa Kimara waliosikia habari ile hawakumwamini tena.

Januari 2024 kaka alianza kuugua figo, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Tarehe 6 Februari 2025, akiwa kitandani hospitalini, mashine ilipiga kelele ikasimama, akamuuliza nesi kama pampu imekufa, nesi akacheka, akamwambia pampu ni nzima baba, ni hewa tu imeingia kwenye mpira. Kesho yake aliomba aletewe ile pampu ya rafuni na ndoo ya maji, akaiunga kwenye betri kwa nyaya mbili, nayo ikasukuma maji mpaka yakamwagika sebuleni. Maishani mwangu nimemwona kaka akilia mara mbili, msiba wa baba na siku ya ile ndoo. Alimpigia simu Mudathir, Mudathir akaja siku ileile kutoka Pugu, wakasameheana, lakini kaka akasema haitoshi, na haya ndiyo maneno aliyoniandikisha: "Mimi Ansbert nilimsingizia Mudathir. Maji ya birika yalikuwa ya udhu. Hewa niliiacha mimi."

Kaka Ansbert alitutoka Ijumaa tarehe 12 Septemba 2025, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, ameacha mama, mjane na watoto wawili. Tunawashukuru madaktari na manesi waliomhudumia, hasa yule nesi aliyecheka, ambaye hajui alichokifanya, tunawashukuru majirani, jumuiya yetu, na mafundi mliomalizia magari aliyoyaacha nusu.

Shukrani moja imebaki. Tangu juzi, kila wakati wa chakula, mmenawa mikono kwa maji ya bwana mwembamba anayesimama mlangoni pa turubai na birika, mkamwambia asante bila kumjua. Huyo ndiye Mudathir, na nilipomuuliza akaniambia birika ni lilelile. Kaka Mudathir, naomba usimame, watu wa Kimara wakuone.

Ansbert, kaka yangu, nimelisoma lote, mbele za watu. Pumzika kwa amani.