Chungu Kibichi cha Karani Hezroni

Malafyale, chifu wetu, Bwana Hakimu, Mchungaji, wazee wa baraza, Athumani mwenye duka na wenzako wa Bondeni, mama zangu wafinyanzi, na wewe Hezroni mwanangu tunayekuaga: mugonile nyote. Nyie watoto mliokalia viti vya wazee, ondokeni kabla sijaanza.

Nimeambiwa nimsifu karani wetu anayehamia Tukuyu. Nitamsifu. Nani hapa asiyeujua mwandiko wake? Hata mimi nisiyesoma nautazama, umepangika kama shanga. Ila mwandiko ni kitu kimoja, na madaraka ni kingine.

Mambo yaliharibika Bwana Hakimu alipokwenda kung'olewa jino. Athumani akaja barazani kulalamika kwamba moshi wa vyungu vyetu unanukisha vitambaa vyake. Kazi ya karani ilikuwa nini? Apokee shauri, aliandike, atuite. Je, alituita? Wapi! Alipiga muhuri, akamtuma tarishi: wanawake tusiwashe moto ufukweni mpaka Hakimu arudi.

Nilimfuata. Akaniambia, "Mama, ni zuio la muda tu."

"Na mvua nayo umeizuia?"

"Mvua haijashtakiwa, mama."

Basi isiyoshtakiwa ikaja. Vyungu vibichi tulivyovianika vikarudi kuwa tope, tunatazama. Na nyote mnajua, chungu kwetu hubadilishwa kwa mpunga unaokijaza. Kile kilikuwa chakula cha watoto wetu kikitiririka kwenda ziwani! Tukabaki na vile vichache vilivyokuwa ndani ya nyumba.

Mwenzetu, kwa kuwa hakuna aliyemkemea, akanogewa. Akaizuia ngoma ya Mika. Akamzuia jogoo wa Neli asiwike hadi shauri lisikilizwe, na jogoo alipowika, Neli akaitwa kwa kulidharau baraza. Usicheke, Aliko, wewe karani mpya. Kiti ni kilekile.

Bwana Hakimu akarudi, shavu limevimba kama ana mandazi mdomoni. Akasema, "Hezroni, wewe unapokea, unaandika, unaita watu. Kumzuia mtu ni kazi yangu, tena nikishasikia pande mbili." Akalifuta zuio palepale, akamgeukia Athumani: upepo ukivuma kwenda ziwani, moshi unakufikia? Akajibu, haunifikii. Akaniuliza, mama, mtaweza kuusubiri upepo huo? Nikamjibu, kwani nani anapenda moshi machoni? Shauri likaisha. Hata kiti changu hakijapata joto.

Sasa sifa yenyewe. Asubuhi iliyofuata Hezroni alikuja ufukweni, hakutumwa na mtu, kabeba kuni kichwani mbele ya wake za watu. Akachoma nasi vile vyungu vilivyosalia, akachoma na kaptula yake ya kaki, nyuma. Makarani wangapi wangekuja? Ndiyo maana leo namwita mwanangu.

Inuka, pokea zawadi ya wafinyanzi. Kizuri, sivyo? Kina shingo, kina nakshi, ukikitazama kwa mbali utadhani kimekamilika. Lakini hakijaona moto. Usikitie maji. Kiweke mezani kwako huko Tukuyu, na siku mkono ukikuwasha kuzuia watu kabla Hakimu hajawasikia, kimwagie kikombe kimoja tu, utazame.

Mke wako nimempa kilichochomwa. Yeye hana kosa.

Nanyi mlionisikiliza mpaka mwisho bila kuniwekea zuio, ndaga fijo.