Polycarpe Kabemba Ngoyi, Fundi wa Gari la Viti Viwili (1961–2024)

Tumekusanyika kumsindikiza Polycarpe Kabemba Ngoyi, ambaye mtaa wote wa Dilala, hapa Kolwezi, ulimwita Tata Poly. Familia imeomba maisha yake yasimuliwe jinsi yalivyokuwa, bila kuyapamba. Yeye mwenyewe hakupenda rangi inayopakwa kuficha kutu.

Alizaliwa Lubudi tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Tata Ngoyi, mfanyakazi wa reli, na Mama Angèle, mkulima. Nyumba yao ilikuwa karibu na reli hata vikombe vilitikisika kila treni ilipopita. Mama yake alisimulia kwamba mtoto huyu hakulia treni ikipita. Alilia ikishapita.

Alisoma shule ya msingi Lubudi, kisha mwaka 1974 akaletwa Kolwezi kwa mjomba wake, akajifunza ufundi mitambo na kupata diploma mwaka 1980. Daftari lake la jiometri lipo hadi leo. Pembezoni mwa karibu kila ukurasa amechora gari dogo lisilo na paa, lenye pua fupi na mgongo mpana.

Mwaka 1981 aliajiriwa katika karakana ya kampuni ya migodi, akafanya kazi huko miaka thelathini na moja, akinyoosha mabati na kuunga vyuma vya malori yaliyozidi nyumba kwa kimo. Waliofanya naye kazi wanasema alipitisha kiganja juu ya bati, akafumba macho, akakuonyesha mahali nyundo ilipokosea.

Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa na Ernestine Kazadi, parokiani Lubudi. Siku ya kumleta bibi harusi Kolwezi walipata nafasi katika behewa la saruji tu. Mama Ernestine alishuka akiwa mweupe kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, na mashemeji hawakumtambua. Tata Poly alimpangusa uso kwa leso, akamwambia mbele ya watu: “Siku moja nitakurudisha Lubudi na motoka yangu miye mwenyewe. Utapata upepo mu uso, hautapata saruji.” Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Alipostaafu mwaka 2012, alianza kulitengeneza gari lile la daftarini, nyuma ya nyumba. Mifupa yake ni mabomba ya chuma ya pembe nne, aliyoyaunga moja moja. Mwili wake ni bati la alumini lililotoka kwenye tanki la lori lililopinduka, akaligonga kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga hadi likapata mviringo. Kioo cha mbele alikikata kutoka dirisha la basi. Tumbo la gari aliliinua kuliko magari ya namna hiyo yanayoonekana kwenye picha, kwa sababu aliijua barabara ya Lubudi.

Injini hakuiweka mbele wala nyuma kabisa. Aliiweka katikati, mgongoni mwa viti, kabla ya magurudumu ya nyuma. Aliyeuliza sababu alijibiwa kwa mfano wa baiskeli, ambayo kwetu huitwa kinga: “Unaona mutu anabeba makala ku kinga? Akiweka muzigo mbele, usukani inakuwa muzito. Akiweka nyuma sana, gurudumu ya mbele inaruka. Aweke katikati, njo kinga itamusikia.” Ubavuni alitoboa matundu mawili kama mashavu ya samaki, injini ipate kupumua. Maji ya kuipoza yalitoka mbele kwa mabomba ya shaba yaliyopita chini ya viti, na asubuhi za baridi za Juni Mama Ernestine alikwenda kukaa humo na kusuka, injini ikiunguruma. Mchana alilalamika kwamba kiti kinampika.

Watoto nao walilalamika. Kalonji aliuliza: “Tata, na shiye tutaikala wapi?” Akajibiwa: “Ku nyumba.” Nyuma palikuwa na injini, na mbele palikuwa na viti viwili tu.

Siku ya kulijaribu, mwaka 2019, mtaa wote ulikuja, hata vijana wa taxi-moto walizima pikipiki zao. Tata Poly alitia gia ya kwanza, na gari likarudi nyuma kwa nguvu, likaangusha uzio wa jirani, Mama Nafisa. Alikuwa ameigeuza injini ili bomba la moshi lipate njia fupi, akasahau kwamba ikigeuzwa, magurudumu nayo huzunguka kinyume. Gari lilikuwa na gia tano za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele.

“Tata Poly,” alisema Mama Nafisa, “motoka yako inaogopa kwenda mbele?”

“Apana, Mama. Ilikuja kukusalimia.”

“Kusalimia mutu na mugongo!”

Tata Poly alicheka hadi akakaa chini. Kesho yake alianza kuufunga uzio, kisha akaanza kuifungua injini. Kuirekebisha kulichukua miezi minane.

Kazi ya mwili na rangi iliendelea polepole, na rangi ya mwisho ilikauka Januari 2024. Mwezi uliofuata presha ilipanda, mkono na mguu wake wa kulia vikafa ganzi. Mguu wa kulia ndio unaokanyaga breki. Kalonji alijitolea kuendesha, lakini kwa viti viwili, kama yeye anaendesha, mmoja wa wazazi anabaki. Mama Ernestine alikuwa na miaka hamsini na nane na hakuwa amewahi kushika usukani. Alisema: “Basi munifundishe miye.”

Alijifunza miezi mitatu katika uwanja wa mpira wa Dilala, mumewe akiwa kiti cha kulia, mkono wake mzima, wa kushoto, juu ya breki ya mkono iliyo kati ya viti. Jumamosi tarehe 20 Julai waliondoka alfajiri. Mama anasimulia kwamba baada ya kupita mji wa Tenke alimwambia mumewe, akimwita kwa jina la binti yao Abigaëlle: “Toa mukono ku breki, Tata Abi. Minakuona.”

“Haiko kwa kukuogopa.”

“Toa.”

Akautoa, akauinua juu ya kioo, vidole wazi, upepo upite. Hakuurudisha tena. Walifika Lubudi saa kumi alasiri, wekundu kwa vumbi wote wawili, na shemeji aliyewafungulia mlango hakuwatambua.

Alifariki nyumbani kwake, Jumatano tarehe 2 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Mama Ernestine, watoto watatu, Abigaëlle, Kalonji na Simone, wajukuu wanne, dada yake, Mama Mujinga wa Lubudi, na jirani Mama Nafisa, ambaye marehemu alimhesabu katika familia.

Tukitoka hapa kwenda makaburini, gari lake litatangulia. Mama Ernestine ataendesha, na ameomba mtu yeyote asikae kiti cha kulia.

Tata Poly, mkono wako hauhitajiki tena kwenye breki. Upumzike kwa amani.